Mama Aliyeogopa Kinywa Chake

Mama alinyamaza siku tuliyomzika kitinda mimba wake. Hakuwa amepoteza sauti. Akijikwaa alipiga yowe, na akilala alikoroma kama zamani. Aliacha maneno tu, kwa makusudi kabisa, kama mtu anavyoliweka panga juu kwenye boriti ili watoto wasilifikie.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tunaishi mbali na barabara, upande wa chini wa Sepuka, kwenye tembe alilojenga babu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nimemaliza shule na nimeanza kuposwa. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kutuambia kwamba lori litafika, tupange vyombo, baba aliitikia. Mama hakuitikia. Alisimama mbele ya mlango, mikono ina unga, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani: "Mimi siendi. Heri nizikwe hapahapa na wanangu."

Kabla lori halijafika, mdogo wangu wa mwisho akashikwa na surua. Macho yakawa mekundu, mwili ukatoka vipele, kifua kikabana. Hakumaliza wiki. Tulimzika nyuma ya zizi. Mama aliposikia udongo wa kwanza ukianguka kaburini alijifunika mdomo kwa kanga, na tangu hapo hakusema.

Nilimwelewa mara moja. Kila aliyekuwepo alimwelewa. Kwetu kauli ya mama kwa mtoto ni kitu kizito, na yeye alikuwa ametaja kuzikwa, akataja wanawe, akataja mahali. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa anaishi na sisi, alisema waziwazi wakati wa matanga: "Aliyasema mwenyewe." Mama aliinamisha kichwa. Hakukataa.

Tukahamia kijiji kipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari, upepo ukipita katikati bila kizuizi, vumbi likiingia hadi kwenye chungu. Mama alifanya kazi zote. Alilima, alichota maji, alisaga uwele. Lakini alikuwa akikaa mbali na watoto, na mdogo wangu wa kiume aliyebaki akimkimbilia, yeye aliziba mdomo kwa kiganja kwanza ndipo amshike. Alikonda mpaka pete ikawa inamchomoka kidoleni. Katekista alikuja kuomba, akamwambia Mungu amekwisha kumsamehe. Mganga wa kienyeji naye alikuja, akachinja mbuzi. Wote wawili walimhurumia kwa moyo, na wote wawili walianzia palepale: kwamba kweli mama alikuwa ameua.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeanzia kwingine.

Alikuwa Mnyiramba, mwenyeji wa Ulemo, mwanamke wa makamo hivi, mwembamba, mwenye baiskeli ya kiume aliyoipanda huku amekunja gauni gotini. Kinyaturu, lugha yetu, alikuwa hakijui vizuri, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na mimi nilitafsiri pale alipokwama. Alikuja mara ya kwanza kumpima uzito mdogo wangu. Akamwona mama akiziba mdomo. Hakuuliza kitu siku ile. Alirudi jioni zahanati ilipofungwa, jua likiwa bado juu ya mawe ya kilimani, akamwamkia baba, akamwamkia bibi, akaketi chini kwenye ngozi karibu na mama aliyekuwa anachambua mlenda.

"Baba," akamwambia baba yangu, "nimesikia habari. Naomba niulize, na mama akiwa anasikia."

"Uliza."

"Msimu ule surua ilichukua watoto wengi huku?"

Baba akataja nyumba moja, akataja nyingine, akataja ya tatu upande wa mbugani. Bibi naye akaongeza mmoja aliyemsahau baba.

"Mama zao walisema nini?"

Nesi alikuwa amemgeukia mama sasa. Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Mama, mimi siulizi kukubishia. Nataka kujua tu. Yule wa mbugani, mama yake alitamka nini hata mwanawe akafa?"

Mama alimwangalia kwa hasira. Ndiyo, hasira, na mimi nilishtuka, kwa sababu tangu msiba sikuwa nimeona kitu chochote usoni pake. Nesi hakuondoa macho. Akauliza tena, taratibu: "Na maneno yako mengine? Hakuna kitu ulichowahi kukiapiza kisipatwe na lolote?"

Hapo baba akacheka. Hakukusudia. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. "Punda," akasema. "Yule punda wetu. Mama watoto amekuwa akimwambia fisi amle tangu alipokuja kwangu kama bibi harusi. Kila asubuhi."

"Na yuko wapi?"

"Si yule pale."

Sote tuligeuka. Punda alikuwa anakula majani ya paa la banda la kuku. Mama aliinuka na kuingia ndani, lakini nilimwona mabega, na mabega yale yalikuwa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Kutoka siku ile nesi akawa anakuja mara kwa mara. Hakuleta dawa. Alikuja kusaidia kupukuchua au kukoka moto, na katikati ya kazi aliuliza swali moja, akaliacha. Kuna wakati niliona kama anachezea jambo la hatari, maana sisi tulikuwa tumezoea kulizunguka kwa mbali. Nilimuuliza njiani, nilipokuwa namsindikiza, amejifunza wapi mambo haya. Aliisukuma baiskeli mpaka ikavuka mchanga wa njiani. Kisha akasema kwamba zamani, alipokuwa bado mgeni katika kazi, mzazi mmoja alimfia mikononi kwa kutokwa damu, na baada ya hapo akaamini mikono yake ina mkosi. Kila mzazi aliyemshika, alitetemeka. Mkunga mkubwa wa pale alimwita pembeni, akamwomba awahesabu wote walionusurika mikononi mwake, mmoja mmoja, na nyuso zao. "Sikuamini siku hiyohiyo," nesi akaniambia. "Akili haiachi kitu kwa kuambiwa. Inabidi ione yenyewe."

Mvua zilipoanza alikuja na mbegu za maboga. Akachimba mashimo mawili nyuma ya jiko na kumwambia mama: "Hili la kulia utaliombea heri. Hili la kushoto utaliambia lioze. Kila asubuhi. Si lazima mtu akusikie."

Bibi alitema mate chini. Mama alisimama akiyaangalia mashimo yale muda mrefu, na nilidhani hatakubali. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta ameinama, midomo inacheza. Alikuwa ananong'ona. Nilijificha nyuma ya ukuta kama niliyemwona mtu aliyekufa anatembea. Sikusikia neno hata moja, ila nilijua kwamba mama yangu anasema.

Aliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Maboga ya kushoto yalitambaa, yakapanda uzio, yakazaa kupita yale ya kulia. Nesi alipoyaona alicheka na kusema ukweli: "Yanakunywa maji yenu ya kuoshea vyombo." Akalipiga moja kofi. "Hili umeliapiza tangu likiwa mbegu. Mbona halijaoza?"

Na hapo, mbele ya baba, mbele ya bibi, mbele yangu, mama akafungua kinywa. Sauti ilikuwa kavu, inakwaruza.

"Boga si mtu," akasema.

Baba alikaa chini palepale kwenye matope. Mimi nililia. Miezi yote ile nilikuwa nimejiuliza neno lake la kwanza litakuwa nini, nikidhani labda ataita jina la marehemu, labda ataomba msamaha. Kumbe lilikuwa la ubishi. Nesi peke yake hakuonyesha kushangaa. Alilijibu kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya kawaida.

"Kweli, mama. Boga si mtu. Basi niambie mimi."

"Nikuambie nini?"

"Nife."

Bibi aliinuka akaondoka. Baba akasema, "Nesi, hapana. Umetusaidia vya kutosha. Hilo hapana."

"Baba, nimelifikiria. Sitanii."

Mama alitikisa kichwa mpaka kilemba kikafunguka. Nesi hakumlazimisha. Aliaga akaenda zake. Lakini kila alipokuja alikumbusha, kwa upole, kama mtu anayekumbusha kwamba kuna chai imebaki kwenye sufuria. Na mama sasa alikuwa anajibu, kwa neno mojamoja: hapana, siwezi, utaniachia dhambi. Siku nyingine alimuuliza, "Wewe huogopi?" Nesi akasema, "Naogopa kidogo. Hata mimi nimelelewa na watu kama ninyi." Nafikiri jibu hilo ndilo lililomlegeza. Kama angesema haogopi kabisa, mama angemwona mjinga.

Mama alilisema alasiri moja tukiwa tunapepeta. Aliweka ungo chini, akamtazama nesi usoni, akalitamka kwa Kinyaturu, neno zima, bila kulipunguza.

Nesi hakuwa amelielewa. Alinigeukia. "Amesemaje?"

Nililazimika kulitafsiri. Nilimwangalia mwanamke yule, na shingo yake nyembamba, na vumbi la uwele kwenye nyusi, nikasema: "Amesema ufe."

"Ahsante, mama," nesi akasema. "Umefanya kazi kubwa." Akakung'uta gauni, akapanda baiskeli yake na kwenda. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya miti ya miguji. Nimeona watu wengi wakifanya mambo ya ushujaa katika maisha yangu, wengine kwa kelele nyingi, lakini mgongo ule juu ya baiskeli sijawahi kuona cha kuufananisha nacho.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko za mwanzo. Mama alikuwa akikaa njiapanda tangu alfajiri kungoja kusikia kengele ya baiskeli. Akiisikia anashusha pumzi, lakini kabla ya mchana wazo limerudi: labda kesho. Nesi alimkuta hivyo akamwambia, "Usilifukuze. Ukilifukuza linarudi na wenzake. Usibishane nalo wala usilitii. Likija, sema moyoni: wazo limekuja. Halafu rudi kwenye kazi yako. Unasaga? Sikia jiwe. Sikia uwele unavyovunjika. Sikia pumzi yako inavyokwenda na mkono."

Nilikuwa nasaga sambamba na mama, kila mmoja amepiga magoti mbele ya jiwe lake, kwa hiyo nilijaribu pia. Ulikuwa mtihani wa ajabu. Nilikuwa nimesaga tangu utoto, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba jiwe lina sauti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Sikuwa nimejua kwamba kichwa changu chenyewe ni kama mnada, kila mtu anaita bidhaa yake. Nilikamata pumzi moja, ya pili nikawa nimeshafika kwenye harusi yangu na vitenge vyake. Niliporudi, nilimwona mama pembeni, macho yamefumba nusu, mikono inakwenda na kurudi, na uso umetulia kama uso wa mtu anayenyonyesha. Ilidumu kidogo tu. Kisha nikaona wazo limemfikia, kwa sababu paji lilijikunja. Akapumua. Akaendelea kusaga. Na paji likakunjuka.

Mwisho wa mvua, nesi akaugua malaria.

Habari ililetwa na jirani. Bibi aliposikia hakusema zaidi ya neno moja: "Mmeona." Mama alikuwa anatoa majivu jikoni. Akaweka kibao chini, akashika kanga yake, akaivuta mpaka mdomoni, na mimi nikasema kimoyomoyo, tumempoteza tena, na safari hii harudi. Nilimwona anapumua. Halafu akaishusha kanga, akaifunga kiunoni, akatoka.

Alikwenda kwa hatua za mtu anayewahi soko. Nilimkimbilia nyuma. Zahanati tulimkuta nesi kwenye kitanda cha chuma, amefunikwa blanketi na gunia juu yake, meno yanagongana. Tabibu alikuwa amemchoma sindano na alikuwa nje anatafuta trekta la kijiji, hali ikizidi wampeleke hospitali. Mama akasimama miguuni.

"Ni mimi?" akauliza.

Nesi akafumbua macho. Ilimchukua muda kutuona. "Mama," akasema, maneno yakikatikakatika kwa baridi, "mbu wa huku, nani aliwafundisha Kinyaturu?"

Mama hakucheka. Alivuta kigoda, akaniagiza maji, akachovya kitambaa akaanza kumpangusa uso, shingo, mikono. Alikaa pale hadi homa iliposhuka, akaondoka kwenda kumpikia uji na kurudi tena, siku hiyo na zilizofuata. Wakati mwingine aliongea naye mambo madogo, ya kuku na ya jirani. Trekta halikuhitajika. Baadaye nilimuuliza siku ile alikuwa anawaza nini pale kitandani. Akasema, "Lile wazo lilikuwa linapiga kelele kama kichaa. Nikaliacha lipige. Mimi nilikuwa na mgonjwa."

Alimwuguza mpaka akaweza kukaa. Jioni ile tuliporudi nyumbani, mama aliketi kwenye kizingiti, akavua viatu, akamwambia baba kana kwamba anampa habari mpya: "Mwanangu aliugua surua."

"Ndiyo," baba akasema.

"Alikufa kwa surua."

"Ndiyo, mama watoto."

Ndipo akalia. Kabla ya hapo hatukuwa tumemwona akimlilia mtoto yule, maana muuaji halii msibani, anajificha. Sasa alilia kama mama yeyote aliyefiwa, kwa sauti, akitaja jina lake, akitaja meno yake na jinsi alivyokuwa anaburuta mguu akitaka kubebwa. Majirani walikuja wakidhani kuna msiba mpya. Baba aliwakaribisha waketi, wala hakuwaeleza. Bibi alikaa karibu na mama, na baada ya muda akamwekea mkono mgongoni, akauacha pale.

Nesi alihamishwa mwaka uliofuata, akapelekwa upande wa Nduguti. Mimi nikaolewa Ikungi. Mama aliendelea na maisha yake, mwenye maneno mengi tena, mkali shambani, na wanawake wa kijiji walianza kumfuata wakiwa na mizigo yao ya mawazo. Sikujua anawaambia nini mpaka zamu yangu ilipofika.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Siku moja nimempakata karibu na mafiga, likanijia wazo kwamba nitamwachia aangukie motoni. Sikutaka, nilimpenda mtoto yule kupita macho yangu, lakini wazo likaja, na picha yake. Kesho yake likaja tena. Nikaanza kumkabidhi mtoto kwa wifi kila nilipoingia jikoni. Nikaacha kupika. Nilijiona mnyama. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mtu.

Mama alikuja kunitazama. Alikaa siku mbili akiniangalia ninavyopita mbali na moto. Siku ya tatu alifunga mlango wa jiko, akaketi, akauliza kama anavyouliza mtu habari za mgeni: "Lilianza lini?"

Nilimwambia yote. Nilitegemea atashika kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na umeshamwachia?"

"Hapana!"

"Hata mara moja?"

"Mama, siwezi!"

"Basi unaogopa nini, kama huwezi?"

Aliinuka, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa wifi yangu nje, akarudi, akanipa. Akavuta vigoda viwili mpaka kando ya mafiga, moto ukiwaka, chungu cha maziwa juu yake. Nilikaa. Wazo likaja upesi, na picha yake yote.

"Limekuja?" mama akauliza.

"Limekuja."

"Lipishe. Sikiliza mtoto anavyopumua."

Nilisikiliza. Kulikuwa na mluzi mdogo puani mwake, kila alipotoa pumzi, ambao sikuwa nimeusikia kabla. Mama aliketi kando yangu bila kunishika, akiangalia maziwa yasichemke yakamwagika, na tulikaa hivyo mpaka mtoto akalala mikononi mwangu.